Futi Isiyo na Inchi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Saa tisa Pini akabisha hodi, amekumbatia furushi lililofungwa kwa shuka. Pini ni binti wa dada yangu. Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitatu, alipomeza pini ya mama yake na kutukalisha hospitali siku mbili. Sasa ana ishirini na mitano, amepata kazi mpya mji wa mbali, na anaondoka mwisho wa Mei.

"Mama mdogo, mama anasema umalizie huu."

Ndani ya shuka kulikuwa na mfarishi wa vipande, sehemu ya kati tu, bila mapindo na bila bitana.

"Anasema yeye, au umemwomba wewe aseme?"

"Anasema yeye. Mkono unamsumbua. Anataka uuzungushie mapindo ya inchi tano pande zote nne. Pamba ya kujaza ataileta baadaye, ili niondoke na mfarishi. Halafu anasema..."

"Toa tu. Tarishi hachapwi."

"Anasema upime katikati, usipime pembeni."

Miaka arobaini na minne nashona, na bado natumiwa mtu kuja kunifundisha kupima. Nilimkatia Pini mkate, akala, akaenda.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza. Dada yangu hajasema nami mwaka mzima. Aprili iliyopita alisimama mlangoni kwake, mbele ya wateja watatu na muuza mkaa, akatangaza kwamba mkasi wa marehemu mama yetu umeondoka na mimi, na nisikanyage kwake mpaka niurudishe. Ule mkasi mzito, wenye tambara jekundu kwenye tundu la kidole gumba. Sikuuchukua. Nilisema siku ile na naandika leo: sikuuchukua.

Kazi nimeipokea kwa ajili ya Pini. Furushi liko juu ya kabati.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Beseni chini ya paa linapovuja limejaa mara mbili. Sare nne.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshusha furushi.

Dada hanunui kitambaa cha mfarishi. Anakata vipande kutoka mabaki ya kazi za wateja siku ileile, mwaka ukiisha anaviunga. Safu kumi, kila safu vipande vinane, kila kipande inchi tisa kwa tisa kabla ya mshono. Urefu wa kwenda chini anaupata kwa ubao alioukata zamani, wala hakosei. Upana anaupata kwa futi yake, ile ya kitambaa anayoitundika shingoni mchana kutwa hadi watoto wa jirani walidhani ni mkufu.

Pindo la mfarishi halikatwi kwa kufuata ukingo. Ukingo umeshikwashikwa, umevutwa, umelegea. Ukiufuata unapata pindo refu kuliko kitu chenyewe, ukilitandika kitandani linacheza kama sketi ya mtu anayekimbia. Unapima katikati, mara tatu, sehemu tatu. Unakata kwa kipimo hicho, unabana pini katikati kwa katikati na mwisho kwa mwisho, halafu unaulazimisha ukingo ukae. Yeye ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na miwili na yeye kumi na tisa, kwa kunifinya sikio kila nilipokosea.

Basi nikapima katikati. Juu: sitini na nane. Kati: sitini na saba. Chini: sitini na tatu.

Nikapima tena. Chini: sitini na tatu. Mishono ya safu za mwisho haikutani na ya juu yake, na pembeni pameingia ndani hatua kwa hatua, kama ngazi.

Nikaweka futi chini, nikacheka peke yangu. Zamani alikuwa akinipa gauni lenye mkono mmoja mfupi, ananiacha niushone, aone kama nitagundua kabla ya kuumaliza. Nisipogundua, sikio. Kwa hiyo huu ni mtego. Ananipa kitu kilichopinda, nikizungushia mapindo kama kipofu, atawaonesha watu: si niliwaambia, huyu hajui kupima, anajua kuchukua tu.

Ana miaka sitini na mitatu na bado ana muda wa mambo haya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempa Pini ujumbe: "Mwambie mtego nimeuona."

Jumamosi, 8 Machi

Pini amerudi na jibu: "Mtego gani? Anafanya kazi au anafanya mashairi?"

Fundi viatu, ambaye tunatenganishwa na ukuta wa mbao na anasikia hata nikimeza mate, akapaza sauti kutoka upande wake: "Fundi, hapo dada yako kakuweza!" Mtu huyu kazi yake ni kushona, lakini mdomo wake hajawahi kuushona. Nimempigia ukuta kwa rula.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Zipu mbili, suruali ya kupunguza kiuno. Mwenye suruali amesema amekonda. Hajakonda, ilikuwa kubwa tangu mwanzo.

Jumamosi, 15 Machi

Leo hakukuwa na wateja, barabara imejaa maji. Nikautandaza mfarishi mezani nipime kipande kimoja kimoja, vyote themanini. Nilitaka nimpelekee orodha. Nilishaitunga hata sentensi ya kuanzia.

Safu tano za mwanzo, kila kitu sawa. Safu ya sita, kipande cha tatu ni chembamba. Ya saba, sawa zote. Ya nane, vipande viwili. Ya tisa, vitatu. Ya kumi, vitano.

Havikuwa vyembamba ovyo. Mtu anayekutega anapunguza hapa kidogo, pale kidogo zaidi. Mtu anayekosea kwa uvivu anakosea kila namna. Hivi vyote vimepungua inchi moja, si robo zaidi, si robo pungufu. Inchi moja kamili, kwenda pembeni tu.

Nilikaa na hiyo inchi moja muda mrefu, ndipo nikaikumbuka futi yenyewe.

Futi ya dada haina inchi ya kwanza. Pini alipokuwa anaota meno aliitafuna ile bati ya mwishoni mpaka ikang'oka, kitambaa kikaanza kuchanika, na dada akaikata kwa mkasi wa mama palepale kwenye alama ya moja. Nikamwambia nunua nyingine. Akasema futi mpya haijui mkono wake. Tangu hapo anaanzia moja. Akitaka tisa anakata kwenye kumi, akitaka ishirini anakata kwenye ishirini na moja. Miaka ishirini na nne anaongeza inchi moja kichwani bila kufikiri, kama unavyopanda ngazi za nyumbani kwako gizani. Sijawahi kumwona akikosea.

Vipande hivi kumi na kimoja vimekatwa kwenye tisa. Alisahau kuongeza.

Chai ilipoa. Sikuipasha moto.

Jumapili, 16 Machi

Mvua asubuhi. Sikuandika ile orodha.

Jumamosi, 22 Machi

Jambo lingine. Vitambaa navijua, kazi nyingi tulikuwa tukigawana. Kipande cha tatu cha safu ya sita, kile cha kwanza kupungua, ni cha mapazia ya kijani ya shule. Kazi ile tulikata pamoja, mimi na yeye, meza moja, Februari ya mwaka jana. Nakumbuka kwa sababu alinikemea kwa kula karanga juu ya kitambaa.

Mkasi ulipotea Aprili.

Kwa hiyo alikuwa ameanza kusahau kabla hajaniita mwizi. Nimeiandika hii sentensi na kuisoma mara tatu. Mwaka mzima nimembeba dada yangu kifuani kama jiwe, nikampangia maneno nitakayomwambia siku ya kuombwa radhi, mengine nilikuwa nayafanyia mazoezi nikipiga pasi. Na kumbe nilikuwa nagombana na mtu ambaye hakujua alipouweka mkasi.

Naona aibu. Haizidi hapo, lakini naiona.

Jumanne, 25 Machi

Pini amepita akitoka kazini.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Sijakusalimia. Nimekuuliza."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu vyenye maji. Akanieleza polepole. Kuna blauzi ya mteja ambayo mama yake aliishona mikono yote miwili upande wa kushoto. Kuna mteja wa siku nyingi alimwita kwa jina la mama yake mteja, aliyekufa zamani. Na nyuma ya mlango wa jikoni kuna maneno kwa chaki: ZIMA JIKO. FUNGUO KWENYE MSUMARI. PINI ANARUDI SAA KUMI NA MOJA.

"Nikimuuliza anasema ni orodha ya wateja."

"Wewe umeelewaje?"

"Mama mdogo, mimi si mtoto." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimeandika barua ya kuikataa kazi. Sijaipeleka. Nikienda nani atabaki naye? Msichana wa kusaidia amemfukuza, wa pili hakumaliza hata siku. Na wewe amekupiga marufuku. Juzi nilimwambia nimwite mama mdogo, akasema, 'Aje na mkasi. Bila mkasi asije.' Hilo halisahau hata siku moja."

"Barua usiipeleke."

"Sasa nifanye nini?"

"Nipe mpaka mapindo yaishe."

Sikuwa na mpango wowote. Nilisema tu, kama tunavyomwambia mteja njoo Ijumaa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Vifungo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mfarishi uliopinda una dawa mbili. Ya kwanza, unaukata wote ulingane na sehemu yake fupi. Maana yake unapunguza safu nzuri ili zifanane na mbovu, na inchi tano za kazi yake safi zinaishia kwenye taka. Wengi wangefanya hivyo. Ni nusu saa tu.

Ya pili ni kujaza. Safu iliyopungua inchi tano unaiongezea kitambaa pande zote mbili, na iliyopungua moja vivyo hivyo, mpaka zote zifike sitini na nane. Kitambaa cha kujazia kiwe kilekile cha pindo, bluu nzito. Ukimaliza, pindo linaonekana kama limepiga hatua kuingia ndani kadiri linavyoshuka. Mtu ataona ni mtindo.

Nachukua ya pili. Sikati kipande chake hata kimoja.

Jumatano, 9 Aprili

Kujaza safu ya kumi. Vipande vyake vitano vifupi viko pamoja, na kati ya cha nne na cha tano ameshona mara mbili, mshono juu ya mshono, kama mtu aliyeona kuna kitu hakiko sawa lakini hakukipata. Sikuufumua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mapindo ya pembeni. Urefu katikati ni themanini na tano, mara tatu, sehemu tatu, sawa. Nikakata la kulia: themanini na tano. Nikakata la kushoto: themanini na tatu.

Fundi viatu alikuwa ananisimulia habari za shemeji yake aliyenunua mbuzi mwenye mimba kumbe kashiba tu, nikawa nacheka. Inchi mbili. Kitambaa cha bluu hakitoshi pindo lingine. Itabidi niunge kipande, mshono wa mshazari ili usionekane.

Miaka hamsini na sita, akili timamu, nakosea kwa sababu ya mbuzi. Na hakuna aliyeniandikia chaki mlangoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Mapindo ya pembeni yamekaa. Hayachezi.

Alhamisi, 17 Aprili

Juu na chini: sitini na nane, na inchi tano kulia, na inchi tano kushoto, sabini na nane. Nimekata moja tu leo. Mvua imenizimia taa.

Jumamosi, 19 Aprili

Pini ameleta gunia la pamba kutoka kwa mama yake. Alipoondoka nikafungua kamba nianze kuichambua kwa mikono, maana imekaa sana na kushikana mabonge. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikagusa chuma.

Mkasi wa mama. Umefungwa ndani ya foronya, foronya imekunjwa vizuri na kubanwa kwa pini tatu. Tambara jekundu lipo.

Nitaandika nilichofanya, hata kama hakinipendezi. Nilicheka kwa sauti. Nikapiga ukuta, nikamwita fundi viatu aje haraka, nikamwonesha mkasi na gunia na foronya, nikasema shahidi ni wewe, umeona ulipotoka. Akasema, "Nimeona kwa macho yangu. Mpelekee sasa hivi, mpelekee na gunia! Na wale wateja watatu uwatafute." Nikavaa viatu vya kutokea.

Nilipofika mlangoni mvua ilikuwa inamwagika, nikarudi kusubiri ipungue. Katika kusubiri nikaanza kuziangalia zile pini tatu. Zimebanwa umbali sawasawa, vichwa vyote upande mmoja, kama anavyobana siku zote. Aliuficha vizuri ili usiibiwe. Alikuwa anautunza.

Viatu nikavivua.

Jumapili, 20 Aprili

Hivi sasa mkasi kweli uko kwangu. Akija mtu kupekua, mwizi ni mimi.

Jumatatu, 21 Aprili

Mchana mvua ilikatika, nikaenda kwa dada, mkasi ndani ya mkoba. Nilitaka kubisha hodi. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi, naye amenipa mgongo. Alikuwa anavuta droo za meza ya cherehani. Ya kwanza, anaangalia, anarudisha. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Halafu akaanza tena ya kwanza. Futi shingoni, nywele zimekuwa nyeupe nyuma kote, mwaka jana hazikuwa hivyo. Alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si hapa. Si hapa. Si hapa."

Niliumia. Nimeondoka bila kubisha.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Pamba nimechambua nusu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Pamba imeisha. Fundi viatu ananiuliza kila siku kama nimepeleka. Leo nimemwambia ashone viatu.

Jumamosi, 3 Mei

Mfarishi umekamilika: bitana, pamba, mshono wa juu wa kushikilia. Nimeutandika mezani. Hatua za bluu zinaingia ndani taratibu kutoka katikati kwenda chini, na asiyejua atasema mshonaji alikuwa mbunifu.

Nimefikiri hivi. Nikienda na gunia na foronya na fundi viatu shahidi, moja kati ya mawili. Ama hataamini, atasema nimeutia mwenyewe, na mlango utafungwa moja kwa moja, na Pini atapeleka barua yake. Ama ataamini. Hilo la pili ndilo silitaki. Ataketi pale, aziangalie pini zake tatu, aelewe. Atafumua mwaka mzima nyuma, droo kwa droo, blauzi kwa blauzi. Na kesho yake atakuwa amesahau, nimwambie upya.

Jina langu ni safi na mimi najua. Fundi viatu pia anajua, ambayo ni sawa na kutangaza redioni. Sijui nalihitaji kwa nani mwingine.

Nalihitaji kwake. Ndiyo hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda leo asubuhi. Pini alibeba mfarishi, mimi mkoba. Dada alikuwa amekaa kwenye cherehani, mkono juu ya gurudumu, hashoni.

"Shikamoo, Dada."

Akaangalia miguu yangu kwenye kizingiti chake. "Nilisema nini mimi?"

"Ulisema nije na mkasi."

Nikautoa, nikauweka mezani mbele yake. Foronya niliiacha nyumbani. Pini akashtuka. Yeye hakujua, sikumwambia chochote, maana uso wake hauwezi kutunza siri hata dakika moja. Dada akaushika, akapitisha kidole gumba kwenye tambara jekundu, akaufungua na kuufunga mara mbili hewani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako."

"Niliuchukua mimi, Dada. Niliutamani, nikaona aibu kuurudisha. Nisamehe."

Pini akasema, "Mama mdogo!" Nikamwangalia, akanyamaza.

Nilijiandaa kwa matusi. Dada yangu akitukana anatukana kwa mpangilio, anaanzia utotoni. Badala yake mabega yake yalishuka. Nilikuwa sijaona kwamba yamepanda, mpaka yaliposhuka. Akaweka mkasi mapajani, akaufunika kwa viganja viwili.

"Nilijua," akasema. "Mimi nilijua. Watu wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Hata huyu." Akamnyooshea Pini kidevu. "Usiku nalala nafikiri, labda ni mimi. Labda niliuweka mahali mwenyewe. Mwaka mzima naogopa kwamba ni mimi."

"Si wewe, Dada."

"Si mimi," akasema. Akalia kidogo, kisha akajifuta kwa ncha ya futi, akanikemea kwa kusimama mlangoni kama mdai. "Ingia basi. Mwizi mkubwa. Mama angekufinya."

Nikaingia. Pini alikwenda jikoni kuchemsha chai na akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Tukautandaza mfarishi. Dada aliuzunguka wote, akaziona zile hatua za bluu, akaguna. "Umefanya maringo." Nikasema ndiyo, kidogo. Akavua futi, akaiweka ukingoni mwa pindo kwa ile ncha inayoanzia moja, akasoma.

"Sita. Nilisema inchi tano. Umezidisha inchi nzima, na unajiita fundi."

Pindo lina inchi tano. Nimelipima mara zaidi ya ishirini. Katika maisha yangu sijawahi kukubali kosa la kipimo nisilolifanya, hata mbele ya mteja, hata nikipoteza mteja.

"Nimekosea, Dada. Nitalirekebisha."

"Liache hapa, utarekebisha kesho. Usiondoke nalo tena."

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda tena. Sikushika kitu, sikufumua hata mshono. Dada akapima pindo lilelile mbele yangu, midomo ikitembea.

"Tano. Umeona? Ukiambiwa unaweza."

Jumatano, 14 Mei

Pini alinisubiri kwenye kona. Nilimwambia yote: gunia, foronya, pini tatu. Akalia, nikamshikia mwavuli. Aliuliza kwa nini nimekubali kuitwa mwizi. Nikamwambia mama yake alikuwa anahitaji mwizi. Barua ameichana.

Jumamosi, 24 Mei

Manyunyu tu. Fundi viatu na muuza mkaa wamenisaidia kuhamisha cherehani yangu kwenda chumba cha mbele cha dada. Njiani fundi viatu alikuwa amekunja uso. "Nilikuwa shahidi wako, na wewe umenifanya niwe mwongo." Nikamwambia azibe mdomo, kwa mara ya kwanza auzibe kabisa. Ameapa. Nampa wiki.

Jumamosi, 31 Mei

Pini ameondoka, mfarishi mkononi, hakutaka uwekwe na mizigo. Jua kutwa. Saa kumi na moja dada alikwenda kusimama mlangoni kumsubiri arudi kazini. Nikasimama naye. Baadaye tukaingia, nikayafuta maneno ya mwisho pale nyuma ya mlango wa jikoni, nikaandika: MDOGO WANGU YUPO CHUMBA CHA MBELE.

Jumamosi, 7 Juni

Wiki nzima hakuna mvua. Beseni nimelianika.

Tumeanza mfarishi mwingine. Yeye anapima, anachora chaki. Mimi nakata kwa mkasi wa mama. Panapohitaji inchi naongeza, pasipohitaji nafuata chaki yake. Vipande kumi na sita leo. Vitatu nimeongeza.

Dada anawaeleza wateja wote, kila wanapoingia: "Huyu ni mdogo wangu. Mkono wake mzuri, ila ni mwepesi, chungeni mikasi yenu." Wanacheka. Leo mmoja, mama mwenye kitambaa cha zambarau, alingoja dada aende uani, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli niliiba mkasi wa mama yangu.

Nikamjibu ni kweli. Kisha nikamuuliza anataka sketi iishie magotini au chini yake.